Barua Themanini na Tatu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri, Mheshimiwa Diwani wetu Eliezeri, wachungaji na masheikh, wazee mlioshuka kutoka Gonja, shikamooni. Akina mama na ndugu wageni waalikwa, habari za mchana.

Mstaafu huambiwa aseme kwa ufupi, pilau isipoe. Basi katika miaka yangu ishirini na sita ya ukunga nitamsifu mtu mmoja tu, Diwani Eliezeri.

Mnakumbuka mwaka juzi Halmashauri ilipitisha kwamba mwanamke asipewe sindano ya uzazi wa mpango bila barua ya mumewe. Bei ya mkonge ilikuwa imeanguka, waume wametawanyika kutafuta kazi hadi machimbo ya Mererani. Barua ingetoka wapi? Mheshimiwa alilijua hilo. Lakini madiwani wa chama chake walishakubaliana asubuhi, kabla ya kikao, na mwenyewe aliniambia, "Sista Irine, ukienda kinyume, kwenye kura za maoni jina lako halirudi." Basi kikaoni akanyoosha mkono pamoja na wanaokubali.

Alhamisi iliyofuata alifika kliniki kwa baiskeli, akaketi kwenye benchi, akawaandikia wake za watu barua, mmoja mmoja: "Kwa niaba ya mume, naridhia." Ikawa kila Alhamisi. Vijana wakambatiza Mume wa Kata. Nami nilizipokea, kwani kanuni ilitaka barua, haikutaja mwandiko wa nani.

Alhamisi moja Mheshimiwa alikuwa kwenye mkutano wa chama. Akaja Safia, mama wa watoto sita, ambaye daktari alishamwonya asizae tena. Hakuwa na barua. Ningeweza kumwandikia mimi. Sikuandika, nikamrudisha nyumbani, maana na mimi niliogopa. Alirudi baada ya miezi kumi na moja, na glovu na pamba alizonunua mwenyewe kama tulivyoagiza. Mtoto tulimpokea salama. Mama tulimpoteza, na linaniuma hadi leo.

Kanuni hiyo inarudi kikaoni mwezi ujao ipigiwe kura upya, na nasikia chama kimeshakubaliana tena.

Mheshimiwa, mimi mmenizawadia khanga na redio. Wewe pokea bahasha hii. Ni barua zako themanini na tatu. Majina ya akina mama nimeyakata kwa mkasi, sahihi yako nimeiacha. Nenda nazo kikaoni, uzishike mkono wa kulia. Mwenyekiti akisema wanaokubali wanyooshe, utajua mwenyewe.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia. Karibuni chakula.