Mama Masjala na Nyota Iliyolipuka Mara Tatu

Baada ya miaka thelathini na minne na miezi miwili ya utumishi, karani wetu wa masjala, ambaye wengi wetu hatujawahi kumwita ila Mama Masjala, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Amewaona wakurugenzi sita wakija na kuondoka, amechosha mashine tatu za chapa, na amefanya kazi na kompyuta moja ambayo hadi leo haiamini.

Aliajiriwa kupokea barua, kuzipiga muhuri na kuzigawa kwa wahusika. Kituo kama chetu, kinachosikiliza mawimbi ya redio kutoka angani, hupata barua za kila namna, na zisizo na mhusika zilitupwa kwenye boksi lililoandikwa "Mengineyo". Humo ndimo walimoishia watu waliogundua, wakiwa sebuleni kwao, jinsi ulimwengu unavyofanya kazi. Mama Masjala hakulipenda boksi lile. Kwake, mtu aliyehangaika kutafuta stempu hawezi kunyimwa hata mistari miwili. Akaanza kuzijibu kwa mkono wake, saa ya chakula cha mchana.

Asichokijua alituuliza. Alisimama mlangoni na barua mkononi, miwani imeshuka puani, na haondoki mpaka umemweleza kwa maneno ambayo naye angeweza kuyaandika. Watafiti wapya walimkwepa kwenye korido. Wazoefu walijua kwamba ukishindwa kumfahamisha Mama Masjala, basi hata wewe hujaelewa.

Aliyemwandikia kuliko wote ni fundi mstaafu wa kituo cha kupozea umeme, tuliyempachika jina la Mzee Transfoma. Kwa miaka kumi na minne barua yake ilifika kila mwezi. Hoja yake ilikuwa kwamba nyota hazizaliwi kwa gesi kukusanywa na nguvu ya mvutano, bali kwa mikondo ya umeme inayopita angani na kusokota gesi na vumbi mpaka viwake. Kwake nyota ni taa iliyowashwa kutoka nje. Ikilipuka, ni kwa sababu mkondo umekatika ghafla, kama swichi kubwa inavyotoa cheche inapozimwa.

Mama Masjala alimjibu kila mara. Alimweleza kwamba zipo chembe ndogo zinazotoka katikati kabisa ya jua, zimepimwa, nazo zinaonyesha kuwa moto uko ndani. Alimweleza pia kwamba mkondo mkubwa kiasi hicho ungeonekana kwenye vipimo, na hauonekani. Mzee alijibu kwa kurasa saba. Mwanzoni alimwita "Mheshimiwa Karani". Baada ya mwaka mmoja akawa "dada yangu".

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, na sitajificha. Miaka tisa iliyopita antena yetu ilinasa ishara tatu kali za redio katika wiki moja, na mtafiti aliyeongoza kazi ile ni mimi ninayeandika haya. Nilijiridhisha kwamba ni nyota moja kubwa inayolipuka kwa awamu, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Nikachapisha mchoro wa mawimbi kwenye jarida letu la wasomaji, na waandishi wa habari wakaalikwa siku ya Alhamisi. Nilikuwa nimeshapiga pasi shati.

Jumanne asubuhi ikaja barua ya Mzee Transfoma, imejaa furaha. Alisema mchoro wetu ni uleule alioutazama kazini miaka ishirini na sita, kila swichi ya mota kubwa ilipozimwa. Basi tumethibitisha wenyewe kwamba nyota hulipuka kwa umeme. Nilicheka, nikamrudishia Mama Masjala. Yeye hakucheka. Aliisoma tena amesimama, kisha akaniuliza kwa upole:

"Mwanangu, una hakika ni nyota inayofanana na swichi? Isije ikawa ni swichi inayofanana na nyota."

Nilimjibu vibaya, na namwomba radhi tena hapa. Hakubishana. Alirudi mezani kwake akafungua daftari la funguo, kwa kuwa kila anayechukua ufunguo wa chumba cha pampu ya maji husaini kwake. Mara zote tatu, ishara ilikuja dakika chache kabla ya ufunguo kurudishwa. Yaani pale pampu ilipozimwa.

Saa tano tulikuwa wote mbele ya skrini, na msimamizi wa majengo yuko kwenye pampu. Akaiwasha, akaizima. Nyota yangu ikalipuka. Akarudia, ikalipuka tena: antena ilikuwa inanasa mawimbi ya cheche za swichi. Mkurugenzi alikaa kwenye ngazi, akafuta jasho, akaanza kucheka, na sote tukacheka kama watu walioponea chupuchupu. Waandishi walipigiwa simu kwamba mkutano haupo. Siku ile nilikula nikashiba kwa mara ya kwanza baada ya wiki nzima.

Ilibaki kazi ngumu zaidi: kumweleza mzee. Mimi nilitaka tumwandikie. Mama Masjala alikataa. Alisema habari kama hiyo hupelekwa kwa miguu. Tulikwenda Jumamosi. Binti yake alitukaribisha chai kwenye sebule yenye kabati zima la majibu yetu. Mama Masjala alimweleza yote polepole, bila kumpunguzia: kwamba jicho lake limetuokoa na aibu, na kwamba halikuthibitisha lolote kuhusu nyota. Mzee alizungusha kikombe chake. Mimi nilitazama zulia.

"Kwa hiyo miaka yote hii nilichokijua ni swichi," akasema mwishowe. "Si nyota."

"Uliijua kuliko sisi sote, kaka."

Mzee akashusha pumzi, mabega yakalegea. Binti yake alitusindikiza akisema hajamwona baba ametulia vile tangu astaafu. Wiki iliyofuata mzee alikuja kituoni na zana zake, akafunga kifaa cha kuzuia cheche kwenye pampu, kisha akakagua jenereta na viyoyozi vyote. Hatujapata nyota ya uongo tena. Bado anaandika, ila siku hizi anauliza zaidi ya kufundisha. Nadharia yake hajaiacha, ameipumzisha tu.

Mama Masjala anakwenda kuishi na dada yake, jirani na wajukuu wanne. Goti lake, lililochoshwa na ngazi zetu, limefurahi kuliko sisi. Tunakushukuru, mama yetu, kwa kutusomea kwa makini hata tulipokuwa hatujisomi wenyewe. Pumzika vizuri, upate afya, na kila siku iliyo mbele yako iwe nyepesi.