Isabela Nandonde na Panya wa Vizimba Viwili

Ndugu waombolezaji, Baba Valeria, mume wa marehemu, ameniomba nisome wasifu huu mimi, kaka wa marehemu. Mtanivumilia, maana sehemu moja ya maisha haya inanihusu vibaya.

Isabela Nandonde alizaliwa Newala tarehe 3 Mei 1941, mtoto wa pili wa Mzee Bartholomayo na Mama Cecilia. Mimi, Bonifasi, nilimtangulia kwa miaka mitatu. Hata hivyo, baba akirudi safari aliita jina la Isabela kwanza.

Alimaliza darasa la nane mwaka 1957. Mimi nilifika la kumi, na sikuacha kumkumbusha.

Mwaka wa Uhuru aliajiriwa kulisha panya weupe katika kituo cha utafiti wa malale, Masasi, ambako nilikuwa msaidizi wa maabara. Tarehe 14 Septemba 1963 alifunga ndoa na Mwalimu Hilary Chitanda.

Mwaka 1967, vita vya Msumbiji vikiwa vimepamba moto, tuliletewa damu ya mkimbizi aliyevuka Ruvuma akiugua malale, na damu ya pongo aliyewindwa porini Nanganga. Kwenye hadubini vimelea vilifanana kabisa. Lakini panya waliochomwa damu ya mkimbizi walikufa siku ya sita. Wale wa pongo walikula na kunenepa mwezi mzima. Isabela ndiye aliyesema ukali ule unatokana na mahali vimelea vilikotoka.

Daktari Silvano, mkuu wa kituo, akamwambia, “Turudie, Mama Valeria. Kila sindano iwe na idadi ileile ya vimelea. Simamia wewe.”

Nami nilikuwa nimesimama palepale, na koti langu jeupe.

Siku ya tatu ya jaribio, wenzangu wakiwa wanakula, nilibadilishana kadi za vizimba. Asubuhi Isabela alinikuta mlangoni.

“Shikamoo, kaka. Kadi zilihama. Nimezirudisha.”

Alikuwa amewatia panya alama masikioni. Daktari, aliyekwisha kuandika hesabu za jioni kwa kufuata kadi zilizobadilishwa, alipouliza, Isabela alijibu, “Nilikosea mimi.” Akapewa onyo la maandishi. Jaribio la tatu lilithibitisha maneno yake, lakini aliyepelekwa kozi Dar es Salaam ni mimi.

Mwaka 1974 tulihamia kijiji cha ujamaa. Tuligombea wote wawili ujumbe wa kamati ya afya. Nilipata kura tisa.

Mwaka jana alianza kuugua ini. Mwezi Julai mwaka huu nilimuuliza kwa nini hakunisema juu ya zile kadi.

“Ungefukuzwa, kaka. Mama alikuwa anakula kwako. Mimi nilikuwa na mume.” Kisha akatabasamu. “Huo wivu wako ndio ungetafutiwa dawa.”

Alifariki Jumatano, tarehe 11 Agosti 1976, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, watoto watatu, Valeria, Dunstan na Cyril, mama yetu Cecilia, na mimi. Nautazama umati huu uliokuja kumlilia, na kusema kweli bado namwonea wivu.

Pumzika, mdogo wangu. Amani uliyonipa bila mimi kuistahili, Mungu akupe wewe.