Mwalimu Jérôme na Simbi ya Mama Mkwe

Ndugu na jamaa, majirani wa mtaa wetu wa Bigo, na ninyi wanafunzi wake mliosimama mpaka barabarani: familia inawashukuru kwa kuja kumsindikiza Mwalimu Jérôme Ngabu. Mimi ni Adeline, dada yake mdogo. Nilipewa ukurasa mmoja wa programu, na nikaagizwa nisichekeshe watu makaburini. Ukurasa umekuwa miwili. Hilo agizo lingine tutaona.

Marehemu alizaliwa Kilo tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Ephraïm, seremala, na Mama Espérance, mkulima. Alipokuwa na miaka tisa, baba alimpeleka Kasenyi, kando ya ziwa, kununua samaki. Siku hiyo kulikuwa na ukungu, ng'ambo ya ziwa haikuonekana, na Jérôme akaamini amefika baharini, kwa sababu katekista alikuwa amemwambia kwamba bahari ni maji yasiyo na mwisho, tena ya chumvi. Akateka kwa kiganja, akanywa. Akanywa tena. Kisha akaanza kulia mbele ya wavuvi, na baba akadhani ameumwa na kitu. "Haina chumvi," ndilo jambo pekee alilosema. Alirudi Kilo na hasira, na tangu siku ile bahari ikawa shauri lake.

Alisoma shule ya msingi Kilo, kisha sekondari hapa Bunia, upande wa biolojia na kemia. Diploma ya Serikali aliipata mwaka 1981 kwa asilimia hamsini na nane. Mama aliitundika ukutani, na juu ya zile asilimia akabandika picha ya Bikira Maria. Aliendelea ISP, chuo cha ualimu cha Bunia, mpaka 1985. Hapo ndipo alipojifunza habari za matumbawe, wale viumbe wadogo wa bahari za joto wanaojijengea nyumba za mawe, ambamo samaki wasiohesabika hupata chakula na mahali pa kujificha. Alijifunza pia kwamba gesi ya kila kitu tunachochoma inaingia baharini, inachachua maji kidogo kidogo, na wajenzi wale wanashindwa kujenga. Alikuja nyumbani likizo akatueleza yote hayo wakati wa kula. Baba alimuuliza kama kuna kazi.

Kazi ilikuwepo, ualimu wa biolojia hapa mjini, na aliifanya miaka thelathini na minane. Somo la bahari lilipangiwa vipindi viwili. Kwake lilichukua wiki tatu. Ninyi mliopita mikononi mwake mnakumbuka lile bua la jani la mpapai: unapuliza pumzi yako ndani ya maji ya chokaa mpaka yanakuwa meupe, unaona gesi yako mwenyewe kwa macho. Baadaye ganda la yai linaingia katika maji ya ndimu, linatoa mapovu na kulainika. Maganda aliyaokota kwenye mikahawa, na ndiyo maana mfuko wa koti lake ulikuwa na harufu ile, msimlaumu Geneviève, mke wake. Na kila mwaka alimaliza kwa maneno yale yale: "Bahari haiwezi kuwa ndimu. Inaenda tu kidogo upande wa ndimu. Lakini ule kadudu mwenye anajenga nyumba yake, hako kadogo kanamuchosha."

Siku moja inspekta aliingia darasani, akamuuliza mbele ya wanafunzi kwa nini anapoteza wiki tatu juu ya bahari katika mji ambao hata ziwa hauna. Marehemu alijibu, "Bwana inspecteur, huu moshi ya makala yetu ya kupikia hainaga laissez-passer. Inatoka hapa Bunia, inafika ku bahari, haisimame ku barrière hata moja." Wanafunzi, waliozoea kudaiwa hati za kusafiria kwenye vizuizi vya barabarani, walipiga makofi. Inspekta aliandika kitu kwenye daftari lake, na kaka yangu hakupandishwa cheo kwa miaka kumi na moja.

Tarehe 24 Julai 1993 alifunga ndoa na Geneviève Kahindo huko Irumu. Hapa inabidi nieleze mambo ya simbi, maana nusu yenu mnayajua vibaya. Mama yake Geneviève, Mama Angélique, alikuwa na simbi moja, lile ganda jeupe linalong'aa la konokono wa bahari, iliyofungwa kwenye uzi. Ilitoka kwa bibi yake. Kila binti wa ukoo aliivaa siku ya harusi, na kesho yake ilirudishwa. Jioni ya harusi, shemeji Gauthier alimchokoza bwana arusi: bahari ikichachuka, inatuhusu nini? Mtu mwingine angekunywa bia yake akanyamaza. Jérôme aliifungua simbi shingoni mwa mke wake, akaitumbukiza katika bilauri ya maji ya ndimu, akasema, "Ngoja dakika tano, utaona." Kabla ya dakika tano waliitwa kucheza. Baada ya kucheza kukawa na keki. Baada ya keki, picha. Asubuhi simbi ilikutwa ndani ya bilauri, haing'ai, mgongo umekwanguka, meno ya mdomo wake yamelika.

Sasa, kwa desturi ya ukweni kwake, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni na hawasemezani moja kwa moja. Anatakiwa mtu wa kati. Geneviève alikataa: "Mi niko mutoto ya huyu na bibi ya ule. Ntasimama upande gani?" Basi kazi ikaniangukia mimi, na ujumbe wa kwanza nilioubeba ulikuwa huu: "Ambia mukwe wangu, bahari haiyaisha bado. Aende achukue ingine." Jérôme akajibu kwamba ataileta, tena ataiokota kwa mkono wake mwenyewe. Aliahidi bila kutazama ramani.

Kwa miaka thelathini na moja nilibeba maneno. Mwaka 2002 vita vilimtoa Mama Angélique Irumu, akaja kukaa nao Bigo, na kazi yangu ikawa nyepesi kwa miguu, nzito kwa masikio: yeye upande huu wa pazia lililogawanya chumba, Jérôme upande ule, mimi katikati na sahani yangu ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, ikipoa. "Muulize simbi yangu iko wapi." "Mwambie niko njiani." Walikuwa wanasikiana vizuri kabisa. Lakini hakuna aliyejibu mpaka mimi niseme.

Mwaka 2010 alianza safari kweli, pamoja na kwaya iliyoalikwa Mombasa. Mpakani walikuta laissez-passer yake, hati ya kuvukia mpaka, imepitwa na muda kwa siku nne. Kwaya ikaendelea, mwalimu akarudi. Mama Angélique alinituma, "Muulize, moshi ilipita?" Nilipofikisha, kaka yangu hakunisemesha mpaka Jumapili.

Mwaka 2019 mwanafunzi wake wa zamani, Fabrice, dereva wa lori, alimletea kutoka Mombasa simbi nzuri ajabu, inang'aa mpaka unajiona. Nilidhani nimepumzika. Jérôme aliigeuza mkononi, akauliza kama mnyama wake alikuwa amekufa mwenyewe au alitolewa akiwa hai. Fabrice hakujua. Jérôme akasema simbi iliyokaa mchangani hupoteza mng'ao, hii itakuwa imetolewa hai kwenye matumbawe, na hawezi kumpa mama mkwe kitu kilichoibiwa kwa wale wale anaowalilia darasani. Fabrice aliirudisha, kilomita zote zile. Nyuma ya pazia nilisikia kikombe kikiwekwa chini kwa nguvu. Mimi pia nilikasirika, na ninalisema hapa mbele yake kwa sababu hawezi kunijibu.

Mwezi wa Novemba 2024 moyo wake ulianza kuchoka, miguu ikavimba, na kufika Mei alikuwa hatoki kitandani. Hakulalamika juu ya maumivu. Alilalamika juu ya simbi. Jumapili tarehe 15 Juni, baada ya misa, aliniambia, "Adeline, ambia mama nimeshindwa. Anisamehe." Nilikwenda hatua zangu nne mpaka kwenye pazia, na kwa mara ya kwanza nilishindwa kusema, nililia tu.

Mama Angélique alisimama na fimbo yake, akapita pazia, akageuza mgongo kitandani ili asimtazame, akasema mwenyewe.

"Jérôme. Ile simbi yangu nimevalisha nayo mabibi arusi saba. Kila mujukuu ananiuliza, koko, nini ilikula hii? Na mi naeleza. Nasema, moshi yetu inaenda ku bahari, bahari inakuwa ndimu, inakula manyumba ya tule tududu. Wote saba wanajua. Ungeniletea yenye iko muzima, ningewafundisha na nini?"

Kaka yangu alicheka mpaka tukamwinua apate kupumua. Alikuwa amefundisha maisha yake yote bila kujua kama kuna hata mtu mmoja aliyeshika, na aliyeshika alikuwa nyuma ya pazia lake. Kisha akamjibu, moja kwa moja, bila mimi. Miaka thelathini na moja hajamsemesha, na neno lake la kwanza likawa la kumsahihisha: "Hapana, mama. Bahari haiwezi kuwa ndimu. Inaenda tu kidogo upande wa ndimu."

"Ona huyu," alisema mama, akarudi kukaa.

Mwalimu Jérôme alifariki nyumbani kwake Bigo, Jumanne tarehe 17 Juni 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na minne. Bahari hakuiona. Ameacha mjane, Geneviève Kahindo, watoto watatu, Priscille, Nathanaël na Jemima, wajukuu watano, mimi na kaka yetu Paul, wanafunzi ambao hakuna aliyewahesabu, na mama mkwe wake, Mama Angélique, ambaye mnamwona pale, ameketi ameligeuzia jeneza mgongo. Msimfikirie vibaya. Anaheshimu desturi.

Asubuhi hii aliniita, akanituma mara ya mwisho. Kaka, ninasoma kama alivyosema: "Ambia mukwe wangu, nimesikia. Haiwezi kuwa ndimu. Inaenda tu kidogo upande wa ndimu. Bibi arusi wa nane nitamuambia vizuri."

Nimefikisha. Atanisubiri pale kwenye kiti, kama kawaida, na leo nitarudi kwake bila jibu.

Pumzika kwa amani, Mwalimu.