Njia ya Odera Isifutwe

Sikilizeni, wanangu, na anayetaka kulia atoke nje akalie na kuku, maana pumzi niliyobaki nayo si ya kugawana na vilio. Jasper, kifungua mimba wangu, kaa chini; ukisimama hivyo mlangoni naona kama unangoja nimalize uende zako. Vera, niinulie mto. Si hivyo. Basi, acha.

Nyumba hii ya Makindye ni ya mama yenu Rosebella, na asije mtu wa ukoo akamwambia vingine. Mimi mnipeleke nyumbani Ugenya, huko Kenya, nikalale kando ya baba. Shamba la kule ni lako, Jasper. Deki zangu mbili za video na maikrofoni... ngojeni, hizo nitazirudia, kwanza turudi nyuma kidogo, mnanijua sijawahi kusimulia kitu moja kwa moja.

Mnakikumbuka kibanda changu cha video nyuma ya soko, nilikotafsiri filamu kwa Kiswahili kwa wake za askari, Wakongo, na sisi tuliotoka Kenya, kila mmoja na lugha yake nyumbani ila kucheka tulicheka pamoja. Wenzangu walitafsiri filamu kama ilivyo. Mimi niliweka kanda mbili katika deki mbili, na jamaa wa Hong Kong anapokaribia kuuawa, Amony, mjane wa sajini, anapiga kelele kutoka benchi la nyuma, "Wee Obonyo, huyo mrudishe kwa mama yake!" Basi nabadilisha deki, natafuta mtu yeyote anayegonga mlango katika kanda ya Kihindi, naunganisha kwa mdomo, na jamaa amefika nyumbani, ingawa sura si yake. Nani alilalamika? Kesho yake askari wakitaka afe, anakufa. Filamu moja, njia nyingi, na kila mtu alitoka na yake. Lo, siku zile!

Vera amefanya kazi ileile ndani ya simu. Hadithi ya nyumba yetu ameipanga kwa sauti yangu, kwa picha, na kwa nyimbo za mama yake. Unagusa jina, unaingia njia nyingine, unagusa picha ya lori, unasikia honi. Jasper, wewe unasema huo ni mchezo wa watoto, kwamba hadithi ina mwanzo, kati na mwisho, na unataka njia ya Odera ifutwe. Usikatae, nilikusikia ukimwambia dada yako jikoni. Maradhi yameshika miguu, masikio hayajaguswa.

Haya, tuyaseme. Ndugu yenu Odera aliendesha lori kwenda Juba, hakurudi yeye, wala lori, wala habari. Wazee wa ukoo wanataka tuzike tunda la yago, lile refu la mwegea, badala yake, kama afanyiwavyo mtu ambaye mwili wake haukupatikana. Sikatai, mila ni mila. Lakini kila asubuhi, kabla hajawasha jiko, mama yenu hugusa lile jina, lori linapiga honi, Odera anashuka na kuuliza, "Mama, kuna chakula?" Sauti ile niliigiza mimi, na Rosebella anajua, msimfanye mjinga, ameishi na mdomo huu tangu usichana wake. Anajua, na bado anagusa. Mwacheni! Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Jasper, najua unampenda ndugu yako na unataka apumzike, na inaniuma kukugombeza siku kama hii. Ila siku ya kuzika yago ataisema mama yenu kwa kinywa chake, na hata akishaisema, njia ile isifutwe.

Deki na maikrofoni ni za Vera. Nawe Jasper, tia sauti yako humo, useme unavyomkumbuka Odera, hata kwa hasira, njia yako nayo iwepo. Mpatane, jamani. Nataka nione mmepatana, sina muda wa kungoja.

Sogeeni niwatemee mate ya baraka. Mdomo umekauka... Maji. Hivyo, tosha. Jasper, lete kichwa. Vera. Mzae, mlee, mlishane, na pawe na mtoto atakayeitwa Odera. Aitwe kwa sauti.

Simu iko wapi? Vera, kuna ile njia nyingine uliyotengeneza, ya kweli, ambayo lori halirudi. Sijawahi kuisikiliza, moyo ulikataa. Leo nigusie hiyo. Mama yenu abaki na yake... mimi ndiye ninayekwenda upande ule. Rosebella, nishike mkono. Nikimkuta kijana wetu... nitamwambia chakula kipo. Nitamwambia unamwekea... kila siku. Gusa, Vera. Gusa, mama yangu.