Enid Barraclough na Paa Lililomeza Akiba ya Shule

Enid Barraclough, tunayemsindikiza leo, alizaliwa Jumatatu tarehe 9 Machi 1953 mjini Halifax, Yorkshire, akiwa mtoto wa pili wa Bwana Harold na Bi Edna Holdsworth. Baba yake alifuma mazulia kiwandani, mama yake alishona mapazia nyumbani. Enid alifika duniani chakula cha mchana kikiwa mezani, na mkunga, akiisha kumpokea, alikula viazi vya baba. Kisa hiki alikisimulia kila Krismasi, na kila mara alimtetea mkunga.

Alianza masomo mwaka 1958 katika Shule ya Msingi ya Ramsclough. Alifaulu kuingia sekondari ya wasichana, lakini aliacha akiwa na miaka kumi na sita kwa sababu kiwanda kilihitaji karani wa mishahara, na nyumbani walihitaji mshahara wenyewe. Kwa miaka mitatu alisomea utunzaji wa hesabu jioni, akapata cheti.

Tarehe 17 Julai 1976 alifunga ndoa na Clifford Barraclough, mpeleka barua. Fungate walikula Scarborough, ufukweni, siku nne, mvua siku tatu. Clifford anasema, "Siku ya pili nilimwomba aiskrimu. Akaniuliza, ile ya jana ilikuwa na kasoro gani?" Walijaliwa binti mmoja, Rosalind, mwaka 1979.

Septemba 1988 marehemu alirudi Ramsclough akiwa karani, na baadaye akawa mhasibu wa shule. Hapo ndipo ubahili wake ulipopata uwanja wa kutosha. Penseli mpya ilitolewa kwa aliyeleta kipisi kifupi kuliko kidole gumba. Walimu walimsengenya, na aliwasikia. Mvua ikinyesha, ndoo kumi na moja zilipangwa ukumbini, maana paa lilikuwa limechoka. Kwa miaka kumi na tisa alidunduliza akiba ya kuezeka upya hadi ikafika pauni 186,000. Kila alipoitisha bei kwa mafundi, alisema imepanda, tungoje. Ukweli, na tuuseme kwa heshima zote, ni kwamba aliogopa kuigusa.

Mwaka 2016 wachumba wakaja. Enzi hizo shule zilikuwa zikihimizwa kutoka mikononi mwa halmashauri na kuwa akademia chini ya wakfu, yaani chombo kimoja kinachoendesha shule nyingi. Wakfu wa Larkmoor ulimtaka sana Ramsclough. Uliisifu bustani, uliisifu kwaya, na ikumbukwe kwamba kwaya ile ilikuwa mbaya. Shule jirani ya Hagg Nook ilikuwa imeshaolewa huko na akiba yake ya pauni 120,000. Mwaka wa pili ikaambiwa ipunguze wasaidizi wawili wa darasani, kwa kuwa fedha hazipo.

Mkuu wa wakfu, Bwana Julian Cathcart, alikuja kuzungumza na bodi ya shule. Kikao kilifanyika kama kawaida katika darasa la watoto wa miaka mitano, chumba pekee kisichovuja, kwenye viti vya watoto hao. Bwana Cathcart alikaa magoti yakiwa usawa wa masikio.

"Mna kito hapa," alisema. "Na sisi Larkmoor ni familia."

Marehemu akavaa miwani. "Ukurasa wa arobaini na moja wa mkataba wenu, Bwana Cathcart. Akiba ya kila shule inaunganishwa. Inaunganishwa na nini?"

"Na akiba za wanafamilia wengine, bila shaka."

"Nao wana ngapi?"

Bwana Cathcart akachukua biskuti. "Hali zinatofautiana."

"Sekondari yenu kubwa ina shimo la pauni laki nane. Nilisoma hesabu zenu jana nikila samaki na chipsi. Sasa hiyo ni familia, au ni shemeji anayehamia na mabegi?"

"Enid," akasema mwenyekiti wa bodi, Bwana Desmond Firth, "mgeni anakunywa chai."

"Anywe. Chai bado ni yetu."

Mgeni alipoondoka, bodi ilibaki na mashaka yake. Tangu Januari walikuwa wamekubali kujiunga, ilibaki kura ya mwisho mwezi Oktoba. Hakuna aliyekuwa amegundua kwamba akiba ingeondoka na bibi harusi isirudi. Kukataa nako kulitisha: ruzuku ilikuwa ikipungua kila mwaka, na halmashauri nayo ilikuwa na kanuni ya kuchukua akiba iliyozidi kiasi.

"Tuezeke," marehemu akasema. "Sasa hivi, likizo hii ya kiangazi."

Mwalimu Mkuu, Bi Rukhsana Kazmi, alidhani hakusikia vizuri. "Bi Enid, wewe? Wewe uliyeninyima gundi Alhamisi?"

"Gundi haizuii mvua, mama. Pesa ikiwa benki, kila mtu ana sababu ya kuichukua. Ikiwa vigae, nani atapanda kuvibandua?"

"Na boila ya kupasha shule joto ikifa Januari?" aliuliza Bwana Firth. "Hatutakuwa na hata senti ya kuitengeneza. Tutakulaumu wewe, Enid. Nakwambia mapema."

"Mtanilaumu mkiwa wakavu."

Walipiga kura, saba kwa wanne. Bi Kazmi anashuhudia kwamba siku ya kutia saini marehemu aliharibu karatasi ya kwanza, akaomba nyingine. Mafundi walianza Julai 25, wakamaliza siku ya mwisho ya Agosti, kwa pauni 184,100. Septemba wakaguzi wa Larkmoor walifungua vitabu, wakakuta pauni 1,900. Wakatoka nje, wakalitazama paa, wakalisifu kwa sauti ya watu waliofiwa. Wiki mbili baadaye ikaja barua kwamba maono ya pande mbili hayalingani. Marehemu aliitundika kwenye choo cha wafanyakazi, kwa unyenyekevu.

Majira yale ya baridi hayakuwa mepesi kwake. Kila asubuhi alipita kwanza chumba cha boila, akaiwekea kiganja, akaiambia, "Jaribu tu uone." Ilikohoa Januari nzima, lakini haikufa. Machi ilipokwisha, alinunua keki kwa pesa yake mwenyewe. Walimu walidhani anaumwa.

Alistaafu Julai 2018. Alitumia miaka iliyofuata kwenye bustani yake na kwenye mikutano ya bodi, ambayo hakuwa amealikwa. Novemba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alitunzwa nyumbani, kisha katika kituo cha huduma shufaa, bila kulalamika isipokuwa juu ya chai. Bi Kazmi alimtembelea wiki ya mwisho.

"Akiba imefika wapi?"

"Elfu kumi na nne, Bi Enid."

"Na madirisha ya darasa la tatu?"

"Bado yanapitisha upepo."

"Sasa mnasubiri nini? Mnamsubiri Cathcart?"

Aliaga dunia kwa utulivu Alhamisi tarehe 16 Mei 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka 71, mkono wake ukiwa mkononi mwa Clifford. Madirisha yaliagizwa Ijumaa.

Ameacha mume wake, Clifford, binti yake Rosalind na mkwewe Imran, mjukuu wake Tabitha, dada yake Joyce, wapwa watatu, na wanafunzi mia mbili na kumi na mmoja wa Ramsclough, ambao wengi wao hawajui jina lake, na mvua ikinyesha hawana sababu ya kutazama juu.

Mungu amjalie pumziko lenye amani.