Khavar wa Sarab, Mke wa Maji

Wasikilizaji wapendwa, habari za saa hizi. Sogezeni samawari karibu, na aliye jikoni mwambieni aje akae kidogo. Leo tunamkumbuka Bibi Khavar wa mtaa wa Sarab, hapa hapa Golpayegan. Alifariki Jumatatu iliyopita akiwa na miaka tisini. Wengi wenu mlimjua kwa jina jingine. Mlimwita Mke wa Maji.

Narudia kwa waliofungua redio sasa hivi. Bibi Khavar wa Sarab, miaka tisini, Mke wa Maji. Halikuwa jina la utani hilo. Mwanamke huyu aliozwa kariz. Aliozwa kwa ndoa kamili, mbele ya mashahidi, na shehe akasoma hotuba.

Kariz ya Sarab ilikuwa mfereji wa maji wa chini kwa chini. Ulianzia kwenye kisima mama, kile cha chanzo, huko milimani, ukaja gizani mwendo wa saa tatu kwa miguu, ukatokeza mtaani kwetu. Hakuna aliyejua ulichimbwa na nani. Wazee walisema ni wa kale kuliko ule mnara wetu wa matofali, maana waliojenga mnara hawakukanda udongo wake kwa mate. Wamongoli walipita, wakachoma walichochoma. Wafalme wakapokezana. Njaa kuu ikaja, ikaondoka na nusu ya watu. Kila mara waliosalia walirudi mahali pale pale, pale maji yanapotokea, wakaanza tena kujenga. Ukitaka historia ya mji huu, ndiyo hiyo. Mengine ni majina ya magavana.

Khavar alizaliwa mwaka 1312 kwa kalenda yetu ya Iran, na sasa tuko 1402. Akaolewa na Heydar-Qoli, mchimba kariz. Wachimba kariz walivaa nguo nyeupe, kusudi wakifia chini wawe wamekwisha vaa sanda. Nguo zile Khavar alizifua kwa mikono yake.

"Nilikuwa namwambia, we Heydar, leo ukirudi na tope nitakuzika mwenyewe," aliniambia nilipomtembelea. "Yeye anacheka tu. Alikuwa na meno mabaya yule bwana, lakini akicheka huyaoni."

Masika ya mwaka 1338 Heydar-Qoli aliteremka kusafisha mfereji karibu na kisima mama. Dari ikaporomoka. Wenzake walichimba siku tatu. Siku ya nne maji yaliyojikusanya nyuma ya kifusi yakavunja njia kwa nguvu, nusura yawachukue wengine wawili. Mkuu wao, Usta Gholamali, akaja mlangoni kwa Khavar. Akakaribishwa chai, hakuigusa.

"Dada, maji yako juu yake," akasema. "Mpaka yakauke, hatumfikii."

Shikeni maneno hayo, wasikilizaji. Mpaka yakauke. Khavar alikuwa na miaka ishirini na sita, na binti wa miaka miwili, Eshrat. Alipika halua ya siku ya tatu, ya saba na ya arubaini, lakini kaburi la kumwagia maji ya waridi hakuwa nalo. Wajane wenzake walikwenda makaburini kila Alhamisi. Yeye alibaki nyumbani akifagia ua uliokwisha fagiwa.

Miaka miwili ikapita. Maji ya kariz yakapungua, yakabaki nusu. Mgawa maji wa mtaa wakati huo alikuwa Mashdi Nurollah, yule aliyepima zamu za bustani kwa bakuli lenye tundu, likizama zamu imekwisha. Mashdi akainama kwenye mdomo wa kariz, akasikiliza mlio wake asubuhi nzima, akainuka akatoa hukumu. Kariz hii ni dume. Dume limenuna, linataka mke. Na mke wa kariz, kama tujuavyo, sharti awe mjane.

Akaenda kwa Khavar na wazee wawili nyuma yake.

"Binti yangu, tumekuletea mchumba."

"Nani tena?"

"Kariz."

Khavar akadhani anataniwa. "Mashdi, huyo si ndiye aliyeniulia mume?"

"Ndiyo maana atakuonea haya," akasema Mashdi Nurollah.

Alikubali. Watu walisema alikubali kwa ajili ya ngano, kwa kuwa mke wa kariz alipewa fungu lake kila mavuno, na kulikuwa na mtoto wa kulisha. Ni kweli, ngano ilikuwemo. Lakini ilikuwepo sababu ya pili, na hiyo aliificha miaka mingi.

Harusi ilifanyika kwenye ngazi zinazoshuka hadi majini. Shehe akamwuliza bibi harusi mara ya kwanza kama ameridhia. Wanawake wakajibu kwa niaba yake, kama ada ilivyo: "Ameenda kuchuma maua!" Mara ya pili wakajibu: "Ameenda kuleta maji ya waridi!" Mara ya tatu sharti aseme mwenyewe. Khavar akawa anayaangalia maji, mpaka jirani mmoja akamfinya kiunoni.

"Sema bwana, shoga, mchumba anazidi kupoa!"

Watu wakacheka. Khavar akasema: "Kwa idhini ya wakubwa zangu, ndiyo." Kwa niaba ya bwana harusi alijibu Mashdi Nurollah, aliyechota bakuli la maji na kulimimina miguuni pa bibi harusi. Ndoa ikapita.

Tangu siku hiyo, kila mwezi mara moja, Khavar alishuka ngazi zile peke yake, akavua, akaoga ndani ya maji yale ya baridi. Hata barafu ikiwa juu ya ukuta, alioga. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mke. Na kipupwe cha mwaka ule, wasikilizaji, maji yaliongezeka! Theluji ilikuwa nyingi milimani, lakini nani alihesabu theluji? Mtaa mzima ulimshukuru Khavar. Maharusi walikuja kugusa shela lake.

Na uchungu wake uko hapo. Kazi yake ilikuwa kuomba maji yazidi. Mumewe wa kwanza alikuwa chini ya maji hayo. Maji yakizidi, mji unakula. Yakikauka, Heydar-Qoli anazikwa. Mwanamke mmoja, dua mbili.

Eshrat, ambaye sasa ana wajukuu, amenipa ruhusa niyaseme maneno ya mama yake. "Mama aliniambia, nikishuka mle nilimwambia mume wangu wa pili, ongeza. Halafu nikageuka nikamwambia Mungu, usimsikilize."

Ndiyo ile sababu ya pili niliyowaambia. Aliishi hivyo miaka thelathini na tisa. Katikati hapo alitokea mtengeneza mazulia ya sufu, mgane, mtu mpole, akamtuma dada yake kuposa. Mashdi Nurollah ndiye aliyempa jibu: "Mwambie kaka yako asitutafutie balaa, yule ni mke wa mtu." Khavar alisikia yote kutoka jikoni. Hakutoka nje siku ile, na hakumtaja yule mwanamume tena.

Sasa niseme la nyumbani kwetu. Mwaka 1347 marehemu baba yangu, Haji Fathollah, alichimba kisima cha kwanza cha pampu hapa Sarab. Mita sitini kwenda chini. Alichinja kondoo, na pampu ilipotapika maji watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa mabegani pake. Bibi Khavar alikuwepo, na alipiga vigelegele kama wengine. Nani angekataa maji? Mwaka uliofuata vikachimbwa viwili. Halafu vitano. Vikafika ishirini. Kila pampu ilinyonya kutoka chini zaidi kuliko jirani yake, na kariz, iliyokuwa ikijitegemea tangu enzi ambazo hakuna anayezijua, ikaanza kulegea.

Maji ya kuoga yaliyomfika Khavar kifuani yakashuka kiunoni. Yakashuka magotini. Mwishoni alikuwa akijimwagia kwa kikombe. Nao wanawake, watu hawana huruma, walimsimamisha njiani.

"Khavar, umemkosea nini mumeo?"

"Au umemnunia, shoga? Mpikie basi hata supu!"

Wao walikuwa wakitania. Yeye alikuwa akikaza mwendo kurudi nyumbani, maana alijua alichokuwa akiomba.

Kiangazi cha mwaka 1379 kariz ya Sarab ilikauka. Narudia, mwaka 1379. Mji uliosimama juu ya maji hayo karne kwa karne uliamka asubuhi ukakuta tope. Miforosadi ya mtaani ikaanza kufa mmoja mmoja. Watu walilia. Khavar hakulia. Alikwenda dukani akanunua kitambaa cheupe, kisha akaenda kwa Usta Gholamali.

"Usta, yamekauka."

Usta Gholamali alikuwa amepita miaka themanini, na jicho moja halikuona. Alilia yeye. "Dada yangu, umenikuta sina magoti," akasema.

Wachimbaji wengine walikwisha kufa, au walikuwa madereva wa malori Isfahan. Akapatikana Shir Agha, kijana wa Kiafghani kutoka Herat, aliyekuwa akichimba misingi ya nyumba. Akakubali kwenda. Lakini pa kuteremkia palikuwa wapi? Vile visima vya hewa vilivyopangana kutoka mtaani hadi milimani, tulikuwa tumevijaza. Sisi wenyewe. Tulibomoa nyumba za babu zetu tukatupa kifusi mle. Tulitupa matairi. Kimoja kilikuwa na friji. Shir Agha na Khavar walitembea siku mbili kabla ya kupata kimoja kilicho wazi, si mbali na kisima mama.

Shir Agha akateremka na kamba asubuhi. Khavar akakaa ukingoni, kitambaa kikiwa mapajani, Eshrat akimshikia mwavuli wa jua. Hakula wala hakunywa. Shir Agha akapanda juu wakati wa alasiri, udongo hadi kwenye kope.

"Mama, hakuna njia. Ardhi imekaa. Dari na sakafu vimeshikana."

"Hata mfupa?"

"Mama, hata kidole hakipiti."

Mtauliza ardhi ilikaa kwa nini. Maji yaliyokuwa yakiishikilia kutoka chini tuliyanyonya, ikajilalia. Pampu zile zile zilizomkausha mume wa pili ndizo zilizomfungia wa kwanza. Khavar alikikunja kitambaa chake taratibu, mara nne, akasema maneno ambayo Eshrat bado anayasikia.

"Basi nimewaua wote wawili bure. Na mji juu yake."

Hakushuka tena kwenye ngazi zile. Aliishi miaka ishirini na mitatu baada ya hapo, na kila bustani iliyouzwa, kila familia iliyohamia Tehran, yeye aliiweka kwenye shingo yake. Akisikia fulani kahama, aliuliza ana watoto wangapi.

Masika iliyopita nilimwendea na karatasi za mhandisi wa maji. Nilitaka kumtua mzigo, wasikilizaji, na nakiri nilitaka kujitua wangu pia.

"Bibi, si wewe," nikamwambia. "Ni pampu. Tazama hapa, mwaka kwa mwaka. Na ya kwanza ilikuwa ya baba yangu."

Aliitazama karatasi kwa heshima, akanirudishia.

"Huyu mhandisi ameolewa na kariz?"

"Hapana, Bibi."

"Sasa anajua nini? Na baba yako usimsingizie, mtoto wewe. Alikuwa mtu mwema. Alikuwa ananiletea figili kila Alhamisi. Kunywa chai yako."

Nikanywa chai yangu. Ningefanya nini?

Jumapili, siku moja kabla hajafa, Eshrat alijaribu kwa mara ya mwisho. Alimwinamia sikioni. "Mama, ile dua yako Mungu hakuisikiliza. Ilikuwa pampu tu, mama." Bibi Khavar akafungua macho. "Mwanangu," akasema, "aliisikiliza. Tatizo langu ndilo hilo."

Tulimzika Jumanne. Maji ya kumwoshea yaliletwa na lori la tangi, kwa sababu bomba la makaburini halitoi kitu tangu mwezi wa Mordad, katikati ya kiangazi. Mwoshaji aliwaomba radhi jamaa kwamba yamepata joto njiani. Shir Agha alikuja, mvi kichwani sasa, akabeba jeneza kutoka langoni hadi kaburini asikubali kupokewa.

Kwa Eshrat binti yake, kwa watoto na wajukuu wake, kwa Shir Agha aliye mbali na kwao, na kwa watu wote wa Sarab, mlio hapa na mliohama, poleni sana kwa msiba. Mungu amrehemu Bibi Khavar, amrehemu na Heydar-Qoli pale alipo.

Wakati kama huu mtangazaji huwaomba wasikilizaji watafakari. Mimi nilianza kwangu. Jumanne kutoka makaburini sikwenda nyumbani, nilikwenda bustanini kwetu. Pampu ya baba ipo. Siku hizi inavuta kutoka mita mia mbili na arubaini. Nikaweka mkono kwenye swichi. Ndugu yangu alikuwa akipalilia karibu, akaniona.

"Unafanya nini?"

"Nikiizima?"

Hakunikasirikia. Alipangusa jasho, akaangalia yale majani ya ng'ombe yaliyoanza kusinyaa. "Zima," akasema. "Majirani kumi na tisa hawajazima. Maji yatakwenda kwao, na ng'ombe wetu watauzwa. Bibi Khavar atafufuka?"

Nikautoa mkono kwenye swichi, ndugu zangu, na pampu inanguruma saa hii ninapowapa pole wafiwa.