Balozi Yuko Kwenye Kikao

Kijiwe chetu cha Kasingirima kilikuwa na ubao wa mtumbwi uliooza, mawe mawili ya kuushikilia, na birika langu. Mimi ni Abdulmajid, muuza kahawa, na sijapata kuona watu wanaojua mengi na kufanya machache kama wateja wangu wa miaka ile ya wakimbizi. Mkuu wao alikuwa Mzee Dadi, balozi wetu wa nyumba kumi, cheo alichokivaa hata akienda msalani. Wa pili Edson, mtu wa Tukuyu aliyeletwa huku kuwa karani, serikali ikapunguza wafanyakazi, naye akapunguzwa, akabaki; tulimwita Faili. Wa tatu Martini, kuli wa Kibirizi, zinakoshushia boti, jina lake Redio kwa sababu hazimwi. Pembeni alikaa Genoveva na sinia lake la kashata, na asubuhi hiyo hakuwa amelifunua. Mumewe, Feliksi, kuli mwenzake Redio, Muha wa hapa hapa tangu babu yake, alikuwa amepakiwa jana yake kwenye lori la wakimbizi. Alikuwa Bangwe, kwenye uwanja walikokusanywa waliovuka ziwa, na mabasi ya kwenda kambini, huko Kasulu, yangeondoka baada ya adhuhuri. Yusra, binti wa Mzee Dadi, mwenye digrii ya utawala wa umma na asiye na kazi tangu aipate, alikuwa ametoka alfajiri kwenda kumtoa. Wanaume nao wakafanya nini? Wakaagiza kahawa, wakaanza kuijadili digrii.

Genoveva: Redio, hebu rudia. Ilikuwaje?

Redio: Shemeji, nirudie mara ngapi? Boti ilishusha watu, wamechoka mpaka huruma. Bibi mmoja wa Kirundi akamsalimu Feliksi, "Bwakeye." Feliksi akaitika kwa Kiha. Unajua tena, lugha hizi tumbo moja. Akambebea furushi mpaka juu ya lori. Kugeuka, mlango umefungwa.

Genoveva: Hakupiga kelele?

Redio: Alipiga. Lakini lori zima lilikuwa linapiga kelele.

Genoveva: Balozi, si uende ukaseme ni mtu wako?

Balozi: Haraka haraka haina baraka, mama. Kwanza tujue huyu mtoto wangu kasomea nini. Kakaa Dar kwenye chuo kikuu, karudi, nikamuuliza, Yusra, utawala wa umma ndiyo kazi gani? Akasema, baba, ni namna ya kuendesha mambo ya watu. Nikamwambia, mambo ya watu nayaendesha mimi, na shule yangu iliishia madrasa!

Faili: Digrii ile naijua, Mzee. Nimefanya kazi chini ya wenye nayo. Mwaka wa kwanza wanafundishwa kusema "njoo kesho." Mwaka wa pili, "bosi katoka." Mwaka wa mwisho, hapo ndipo penye mtihani, wanafundishwa kutoka.

Redio: Kutoka wapi?

Faili: Ofisini. Koti linabaki kwenye kiti.

Balozi: Lakini elimu ni bahari.

Faili: Ndiyo tatizo lenyewe. Elimu ni bahari, na sisi huku tuna ziwa.

Mzee Dadi akatikisa kichwa kwa heshima, utadhani kasikia hotuba ya Ijumaa. Nikammiminia.

Redio: Mimi nimesikia kuna chumba huko chuoni wanafundishwa kumtazama mtu bila kumwona. Unasimama mbele ya meza, jicho linakupita kama wewe dirisha. Asiyefaulu chumba hicho havai joho.

Balozi: Sasa kama ni utaalamu mkubwa hivyo, mbona mwanangu hana kazi? Mimi najua sababu. Watu wote wameshatawaliwa. Umma umekwisha!

Faili: Haujaisha, Mzee. Unashuka Kibirizi kila siku.

Redio: Hapo sasa! Wakubwa wanaagiza umma mpya kwa boti ili wenye digrii wapate wa kutawala!

Genoveva: Wale wamekimbia risasi, Redio. Usiwachezee.

Redio: Basi shemeji, yaishe.

Balozi: Ndiyo maana wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Genoveva: Mwenyeji gani kapona? Mwenyeji wangu mimi yuko Bangwe anasubiri basi la Kasulu! Akishafika kambini nitampata lini? Watoto wananiuliza baba yuko wapi. Niwaambie kawa mkimbizi akiwa kwao? Balozi, nakuomba. Jua hilo linapanda.

Balozi: Nitakwenda, mama. Acha nimalize hiki kikombe. Penye wazee hapaharibiki neno.

Kikombe hicho alikuwa anakimaliza tangu jua liko usawa wa paa. Nilitamani kumnyima kahawa, Mungu anisamehe, ila nami nina watoto wanaokula kwa birika hili.

Adhuhuri ilikuwa haijaadhiniwa pikapu ilipokata kona. Genoveva ndiye aliyeona kwanza. Aliinuka na sinia likapinduka, kashata zikamwagika mchangani, na hakuzitazama. Nyuma ya gari, ameshika vyuma kwa mikono miwili, alisimama Feliksi, macho mekundu, yu hai, ni yeye. Sioni haya kusema kwamba machozi yalinitoka.

Mbele akashuka Yusra, mtandio umejaa vumbi, na kijana mmoja wa serikali, shati limelowa jasho.

Kijana: Shikamooni wazee. Naitwa Eliakimu. Mimi ndiye niliyempakia huyu bwana jana, naomba radhi. Kwetu ni Same. Kiha na Kirundi masikioni mwangu ni kitu kimoja, na yule bibi alisema ni mwanawe.

Feliksi: Alisema, "Ni umwana wanje," kanishika mkono, anatetemeka. Ningemkana vipi mama wa watu?

Eliakimu: Sasa utaratibu unataka balozi wake amtambue ndipo ashuke. Balozi ni nani?

Mzee Dadi aliweka kikombe chini. Alisimama wima, nikamwona kumbe ni mrefu.

Balozi: Ni mimi. Huyo ni Feliksi. Babu yake alimfundisha baba yangu kushona nyavu. Nilikula ubwabwa wa harusi yake. Ni wangu.

Eliakimu: Basi shuka, ndugu yangu.

Yalikuwa maneno hayo tu. Feliksi akashuka, Genoveva akampiga ngumi ya kifua, kisha akakilalia kifua hicho hicho na kulia kwa sauti. Redio alikuwa anacheka na kupangusa pua kwa wakati mmoja.

Faili: Yusra, mwanangu, umetumia somo gani?

Yusra: Hakuna somo, Mzee Edson. Niliuliza tu.

Feliksi: Lipo! Nisikilizeni mimi niliyekuwepo. Pale kila mtu kazi yake ni kupandisha. Huyu anapandisha, yule anahesabu waliopanda, yule anawagawia uji waliopanda. Mimi kila nikimlilia mmoja, ananiambia hiyo si kazi yake. Yusra kaja, kawaamkia wote, kauliza: "Wa kushusha ni nani?" Wakatazamana. Hakuna! Akamgeukia kijana huyu, akamwambia, basi kaka, uwe wewe.

Eliakimu: Na kuna wengine watatu wananisubiri niwapeleke kwa mabalozi wao. Wote makuli wa Kibirizi.

Faili alikuna kichwa. "Hilo," akasema polepole, "hatukuwa nalo ofisini kwetu."

Balozi: Si niliwaambia? Mtoto wa nyoka ni nyoka! Digrii ni digrii!

Genoveva aliokota kashata zilizoangukia juu ya kitambaa cha sinia, zile safi, akazifunga na kumpa Eliakimu.

Genoveva: Mpelekee yule bibi kabla basi halijaondoka. Mwambie zimetoka kwa mkwewe.

Nikampa kijana kikombe. Akanywa amesimama, akashukuru, akawa anaelekea kwenye gari, kisha akarudi.

Eliakimu: Mzee Dadi, kwa kweli nilimwambia binti akulete Bangwe wewe mwenyewe, si mbali. Akasema haiwezekani, baba yake yuko kwenye kikao kizito tangu asubuhi. Ndiyo nikaona nije mimi.

Aliutazama ubao, akatazama mawe, akatazama vikombe vyetu.

Eliakimu: Sasa isije ikawa nimekosa adabu. Naomba niwasalimu wajumbe kabla sijaondoka. Kikao kiko wapi?

Redio, asiyezimwa, akazima. Faili akakagua viatu vyake. Yusra akavuta mtandio mpaka puani na kutazama upande wa ziwa. Mzee Dadi alininyooshea kikombe bila kuniangalia usoni. Nikainamisha birika mpaka mwisho, yakatoka machicha.

"Kimefungwa, mwanangu," nikamwambia kijana. "Kahawa imekwisha."